Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Somo: Marko 1:29-34



Nawasalimu ninyi nyote mlioko Base Camp, Juru na Rubondo, pamoja na ndugu zetu waliohamia Mbarara kutafuta kazi, na wale ambao wako hospitali au wanauguza wagonjwa huko. Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha mwezi huu tukiwa hai. Wengi wetu tulilala njiani usiku mwingi tusijue kama kutakucha. Kumekucha, na tuko hapa.

Mwezi huu nataka tutafakari pamoja juu ya jambo dogo ambalo linaanza kupotea katikati yetu. Jambo lenyewe ni kutembeleana. Chukua Biblia yako, ufungue Marko sura ya 1, usome kuanzia mstari wa 29 hadi wa 34. Soma polepole, kisha urudi kwenye ukurasa huu.

1. Nyumba iliyokuwa karibu na ziwa

Habari hii ilitokea Kapernaumu, mji mdogo wa wavuvi kwenye Ziwa la Galilaya, upande wa kaskazini-magharibi. Ziwa hilo lina urefu wa kilometa 21 hivi, na mahali palipo papana zaidi ni kilometa 13 hivi. Sisi tuliokulia kando ya Kivu na Tanganyika tungeliita ziwa dogo. Nyumba za mji ule zilijengwa kwa mawe meusi ya volkano. Ndugu waliotoka Goma wanayajua mawe ya namna hiyo, kwa maana wengi waliyajengea baada ya mlima Nyiragongo kulipuka Januari 2002.

Kuanzia mwaka 1968 watawa Wafransisko walichimba mahali pale. Chini ya kanisa la pembe nane la karne ya 5 walikuta nyumba ya watu wa kawaida, ambayo Wakristo wa zamani waliiheshimu kuwa nyumba ya Simoni Petro. Haikuwa jumba la kifalme. Ilikuwa na vyumba vidogo vya mawe vilivyozunguka ua, mahali pa kupikia na kukaa pamoja.

Sasa angalia watu waliokuwa ndani yake. Yohana 1:44 inasema kwamba Petro na Andrea walikuwa watu wa mji wa Bethsaida. Lakini Marko anatuonyesha nyumba yao Kapernaumu. Basi hawa walikuwa watu waliohama. Na mgeni wao je? Luka 4:29-31 inaeleza kwamba watu wa Nazareti, mji aliokulia Yesu, walimtoa nje ya mji wakataka kumtupa kutoka ukingo wa kilima. Baada ya hapo akateremka mpaka Kapernaumu. Kwa hiyo mpendwa, unaposoma habari hii, usiwaze watu waliotulia kwao tangu babu zao. Mgeni alikuwa amefukuzwa kwao, na wenyeji nao walikuwa wamehamia. Habari hii ni yetu kabisa.

2. Walimwambia habari zake

Marko anasema kwamba walitoka katika sinagogi wakaingia nyumbani mara moja. Ibada ilikuwa imekwisha. Yesu alikuwa amefundisha na kumtoa pepo mchafu, na watu wote walikuwa wanashangaa. Mhubiri aliyemaliza ibada kama hiyo angeweza kusema kwamba kazi ya siku imekwisha. Yeye alitoka kwenye mkutano akaenda kwenye chumba ambamo mama mmoja alikuwa amelala na homa.

Wenyeji walimwambia habari zake. Hawakumficha mgonjwa wao ili nyumba ionekane nzuri mbele ya mgeni. Hapa kuna fundisho kwetu. Mara nyingi mtu wa kanisa letu anakosa ibada juma la kwanza, la pili na la tatu, na sisi tunajadili sababu zake wenyewe kwa wenyewe. Mmoja anasema amerudi nyuma, mwingine anasema amehamia kanisa lingine. Jirani anayejua ukweli anakaa kimya kwa sababu anaona si kazi yake. Ndugu, sema! Mwambie Bwana katika maombi, na uwaambie wazee wa kanisa.

3. Akamshika mkono akamwinua

Yesu hakusimama mlangoni. Alimkaribia, akamshika mkono. Neno la Kigiriki ambalo Marko ametumia kwa kuinuliwa kwa mama huyu ndilo analolitumia tena katika sura ya 16 mstari wa 6, malaika anapowaambia wanawake kaburini kwamba Yesu amefufuka. Kwa hiyo mama huyu alionja nguvu za Pasaka akiwa nyumbani kwake, bila mkutano mkubwa.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kwa kucheka, kwa sababu mgeni akija kuku huchinjwa na watoto nao hupata mchuzi. Katika nyumba ya Petro ilitimia neno kwa neno. Mgeni alikuja, mwenyeji akapona.

4. Akawatumikia

Mstari unaishia kwa maneno ambayo wengi tunayapita haraka: homa ikamwacha, naye akawatumikia. Wengine husikitika wakisoma hapa. Wanasema, maskini mama, ametoka kitandani sasa hivi na tayari anatakiwa jikoni! Lakini angalia neno lenyewe. Ni lile ambalo kwalo tumepata kazi ya shemasi kanisani. Marko amelitumia mstari wa 13, akisema malaika walimtumikia Yesu jangwani. Atalitumia tena 10:45, Yesu anaposema hakuja kutumikiwa bali kutumika. Marko hajamshusha mama huyu. Amempa kazi ya malaika na kazi ya Bwana mwenyewe.

Na Yesu alikubali. Hakumwambia, wewe ni mgonjwa, kaa chini, sisi tutajihudumia. Alikaa, akapokea chakula kutoka mkononi mwake. Alipomponya alimrudisha katika nafasi yake, naye akawa tena mwenye nyumba.

Hili ndilo neno ninalotaka ulibebe mwezi huu: mgeni anayekubali kupokea humrudishia mwenyeji heshima yake.

5. Kwa nini tumeacha kutembeleana

Makazi haya ya Nakivale yamewapokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipokuja ndugu kutoka Rwanda. Baada yao wamekuja Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine wengi. Kila mmoja alipofika alikuta mtu wa kumwonyesha mahali pa kuchota maji na pa kupata kuni. Zamani, tuliokuwa hapa tunakumbuka, jioni ilikuwa ya kutembeleana. Ulienda kwa mwenzako bila sababu, ukakaa, ukanywa uji, ukasikia habari za nyumbani.

Kisha mgao wa chakula ukapungua. Aprili 2020 ulikatwa kwa asilimia 30 katika makazi yote ya wakimbizi Uganda, kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Julai 2023 zikaanza taratibu za kugawanya familia katika makundi matatu kulingana na mahitaji, na kundi la tatu likaondolewa kabisa kwenye mgao. Tangu hapo tumeanza kuogopana. Anayepata kidogo anaona haya kupokea mgeni, na asiyepata kitu anaona haya kwenda kwa mtu. Kila nyumba imefunga mlango wake, na ndani watu wanalala na homa ya upweke.

Machi 2025, mvua zilipoanza, nilikwenda na mzee mmoja wa kanisa na mama mmoja wa ushirika wa akina mama kumtembelea dada mmoja ambaye nyumba yake iko upande wa ziwa. Dada huyu na mimi tunajuana tangu ujana. Tuliimba katika kwaya moja huko Bukavu, yeye sauti ya kwanza, mimi sauti ya tatu. Alikuwa hajaonekana ibadani kwa miezi mitatu. Tulipita njia ya matope kati ya mashamba ya mahindi na migomba mpaka tukaona maji na mafunjo. Kiboko alikuwa ametoka ziwani usiku, akakanyaga nusu ya maharage yake.

Tulisalimiana, tukakaa kwenye mkeka. Nilimwuliza habari, akasema:

“Pasta, sijamwacha Mungu. Lakini mgeni akija nitampa nini? Na mimi nikienda kwa watu, watanipa nini, na wao hawana? Nimeona afadhali kila mtu akae kwake.”

Kisha akamtuma mjukuu wake kwa jirani kuomba chumvi, akasimama kuwasha moto. Mzee wetu, kwa moyo mwema, akamwambia, “Mama, usijisumbue, sisi tumeshiba.”

Dada akageuka, akasema, “Mzee, wote wanaokuja hapa wanakuja na karatasi. Wananiuliza tuko wangapi, tunakula mara ngapi kwa siku. Nawashukuru, wanafanya kazi yao. Lakini ninyi mmekuja bila karatasi, mkakaa kwenye mkeka wangu. Mkikataa chakula changu, mnanirudisha kwenye orodha.”

Mzee akanyamaza. Tukala. Ulikuwa ugali kidogo, lengalenga, na samaki wawili wadogo tuliogawana watu sita. Kabla ya kula, yeye ndiye aliyeomba, kwa maana ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

Baada ya chakula aliniuliza, “Mama yako yuko salama?” Mnajua kwamba Goma ilitekwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Mama yangu alikuwa bado huko. Wengi walikuwa wameniuliza habari za vita. Dada huyu aliuliza kwa jina habari za mwanamke aliyewahi kumpikia chai baada ya mazoezi ya kwaya. Hapa Nakivale kila mmoja wetu ana namba yake kwenye karatasi ya familia, na namba hiyo inatusaidia. Rafiki wa zamani anakujua ulivyokuwa kabla ya namba. Akitaja jina la mama yako, unakumbuka kwamba wewe ni mtoto wa mtu. Nilikwenda kumwona mgonjwa, na siku ile mimi ndiye niliyeombewa.

6. Bwana anayeomba samaki

Mtu anaweza kuuliza, je, ni haki kula chakula cha mjane? Ni swali zuri, na Biblia inalijibu pande mbili.

Upande wa kwanza, Yesu mwenyewe alipenda kuwaomba watu kitu kidogo walichokuwa nacho. Kwenye Yohana 4 alimwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Kwenye Yohana 21 alikuwa kando ya ziwa lilelile baada ya kufufuka. Mstari wa 9 unasema makaa yalikuwa tayari, na samaki na mkate vilikuwapo. Hakuwa na upungufu. Lakini mstari wa 10 anawaambia wanafunzi walete baadhi ya samaki waliovua wao. Kwa nini? Walikuwa wamekimbia siku ya msalaba, na Petro alikuwa amemkana. Bwana aliwaweka tena mezani kama watu wenye kitu cha kuleta. Eliya naye, alipokuwa amekimbia nchi yake na kufika Sarepta ya Sidoni, aliomba maji na mkate mdogo kwa mjane aliyekuwa anaokota kuni za chakula chake cha mwisho (1 Wafalme 17). Nyumba ile ikaishi.

Upande wa pili ni onyo. Katika Marko 12:40 Yesu anawakemea viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Sisi wachungaji tulisome andiko hili kwa kutetemeka. Kupokea ni jambo moja, kunyang'anya ni jambo jingine. Anayepokea anakuja kwa upendo, anakula kidogo alichopewa, anashukuru, na anajua hali ya nyumba ile ili kanisa lisaidie. Anayenyang'anya anakuja saa ya chakula, anakuja na kundi, anataja kuku, na akiondoka anaacha deni. Mungu atuepushe!

7. Tufanyeje?

Naomba kila familia ifanye mambo haya mwezi huu.

Kwanza, chagua mtu mmoja wa kumtembelea, hasa rafiki wa zamani ambaye mmepoteana. Nenda baada ya saa ya chakula, watu wawili au watatu tu. Chukua kitu mkononi kama unacho, hata kipande cha sabuni au kuni chache. Kama huna kitu, nenda hivyohivyo.

Pili, kaa. Usisimame mlangoni ukisema una haraka. Uliza habari za watu wake kwa majina. Sikiliza mpaka amalize.

Tatu, akikupa kitu, pokea. Maji, nusu ya muhindi, mkeka tu wa kukalia. Pokea kwa mikono miwili na umbariki. Na mwache yeye aombe.

Nne, usichague watu wa lugha yako tu. Petro aliyemkaribisha Yesu kando ya ziwa baadaye alikuwa mgeni wa Simoni mtengenezaji wa ngozi huko Yafa, nyumba iliyokuwa kando ya bahari (Matendo 10:6). Kutoka pale Mungu alimtuma aingie nyumbani kwa Kornelio, mtu wa taifa jingine, ambako hakuwahi kufikiri angeingia. Kuna vita vilivyotuleta hapa ambavyo bado vinaendelea ndani ya mioyo. Havitaisha kwa mahubiri peke yake. Mtu akikaa katika nyumba ya mwenzake na kula chumvi yake, kuna neno baya ambalo hataweza kulisema tena.

Tano, tusiwasahau walioko Mbarara. Mnafahamu kwamba mgonjwa wetu akipelekwa hospitali ya rufaa anahitaji mtu wa kumfulia, kumpikia na kumwita muuguzi. Asiye na ndugu hupata shida sana. Mto Rwizi unaopita Mbarara mjini unashuka kwenye mfumo mmoja wa maziwa na mabwawa pamoja na maziwa yetu ya upande huu, Mburo na Nakivale. Maji yanajua njia kati ya Mbarara na sisi, na upendo nao uijue. Kamati ya akina mama inakusanya nauli kila Jumapili. Mia tano ni nzuri, na mia mbili pia ni nzuri.

Juni 2025 fedha hizo zilimpeleka yule dada wa kando ya ziwa. Dada mmoja Mrundi wa kanisa letu alikuwa amelazwa Mbarara bila mtu. Tulipouliza nani atakwenda, yeye ndiye aliyeinua mkono. Alisema Kinyankole alijifunza akiuza samaki, kwa hiyo ataelewana na wauguzi. Alikaa siku nne, akilala sakafuni karibu na kitanda. Maharage yake hayajapona yote, na mgao wake haujaongezwa. Lakini homa ile ya kujifungia ndani imemwacha, naye anatumikia.

Marko 1:33 inasema kwamba jioni ile mji wote ulikusanyika mlangoni pa nyumba ya Petro. Asubuhi ulikuwa mlango wa nyumba yenye mgonjwa. Jioni watu wa mji mzima walipata msaada palepale. Nyumba yako ya udongo na turubai inaweza kuwa mlango wa namna hiyo kwa mtu mmoja wa kijiji chako.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyefukuzwa kwenu ukakubali kuwa mgeni, tunakuomba uingie katika nyumba zetu. Uwashike mkono waliolala na homa ya mwili na homa ya upweke. Utupe miguu ya kwenda kwa wenzetu, na unyenyekevu wa kupokea kidogo walicho nacho. Uwalinde wazazi wetu na ndugu zetu tuliowaacha nyumbani. Uwabariki wenyeji wetu wa nchi hii ya Uganda waliotupokea. Amina.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote. Ni mimi mtumishi wenu katika shamba la Bwana, Nakivale.